Mpima Maji na Bomba la Kaka Yake

Mpima maji wetu hasemi neno chupa ikiwa wazi. Mimi ndiye ninayeendesha boti, nimeshazoea kumuuliza jambo nikajibiwa baada ya kifuniko kufungwa. Hupangusa vidole kwa spiriti, huizamisha chupa mdomo ukielekea mkondo unakotoka, kisha huiweka kwenye barafu taratibu kama anayelaza mtoto. Kesho yake, bakteria wakishaota maabara kama vidoa vya buluu, huwainamia na kunong'ona, "Mmetoka wapi nyie?"

Mwezi uliopita vidoa vilijaa. Tukaupanda mto unaoingia ziwani, akapima kila kijito, hadi nyuma ya nyumba ya wageni ya kaka yake, ambako bomba la choo lilikuwa limepasuka. Kaka akamvuta pembeni.

"Dada, nifichie hili. Damu ni nzito kuliko maji."

"Kweli, kaka. Lakini huko ziwani watu hawanywi damu. Funga vyoo leo, na bango la hatari naliweka mwenyewe."

Kaka akacheka bila kupenda, akaenda kuleta koleo. Mpima maji akakunja suruali, wakachimba pamoja.