Maji Tuliyofunga kwa Msiba wa Baba

Baba alifariki kiangazi, vitunguu swaumu vikiwa ndiyo kwanza vinaanza kuweka vichwa. Huo ndio wakati ambao ukivinyima maji hata kidogo, vinabaki vidogo kama punje za mahindi.

Kwetu Tlawi, maiti akiwa bado ndani, hakuna anayeshika jembe. Mfereji nao unafungwa kule juu unapotoka mtoni: wanaume wanapanga viroba vya udongo, maji yanabaki mtoni, basi. Nilipofika kutoka Mbulu mjini, sauti imekauka kwa kulia, nilikuta mfereji mkavu na majirani wote wamejaa uani kwetu, vitunguu vyao vikiungua na jua. Nikaanza kulia upya. Baba alipendwa, jamani.

Siku ya kuzika ndiyo wakaja wapimaji. Walikuwa vijana wawili na dada mmoja, wametumwa na ofisi ya maji kukadiria mashamba ya bonde letu yanatumia maji kiasi gani, ili kila mfereji upangiwe zamu ya kiangazi kulingana na matumizi yake. Adabu walikuwa nayo, siwezi kuwasingizia. Waliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, wakatoa pole, wakamwomba ruhusa baba mdogo. Baba mdogo, macho yamemvimba, akawaambia wapime tu.

Mimi mdomo wangu hauna breki hata msibani. Nikawafuata mpaka mferejini.

"Sasa mnapima nini hapa? Si mnaona pakavu? Tumefunga maji kwa sababu ya msiba. Rudini wiki ijayo."

"Tunaelewa, mama, na pole sana," yule dada akanijibu taratibu. "Ila gari tumepewa mwisho leo. Kesho tunatakiwa bonde lingine. Nitaandika kwamba kulikuwa na msiba."

Akaandika kweli, nilimwona kwa macho yangu. Wenzake wakachomeka chuma cha kupimia unyevu kwenye majaruba yetu, wakatazamana. Ukavu mtupu. Nikawaacha hapo, nikarudi kumzika baba.

Mvua zilipoisha mwaka uliofuata tukaitwa mkutanoni kusomewa zamu. Mfereji wa ng'ambo ya mto ukapata nusu ya wiki nzima. Wa kwetu ukapewa Jumapili, asubuhi mpaka mchana. Saa ya ibada! Yule afisa aliyekuwa anasoma akatuangalia kwa tabasamu. "Ninyi matumizi yenu ni madogo sana," akasema, kama vile anatusifia.

Wee, nilisimama kabla hata sijafikiri. Nikamweleza yote: maiti ndani, viroba, gari la mwisho leo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapekua karatasi zake, akapata.

"Ni kweli, mama, imeandikwa. Pole. Lakini hesabu inachukua kilichopimwa. Labda vipimo virudiwe."

"Vitarudiwa lini?"

"Mtajulishwa."

Sasa nimgombeze nani? Huyu hakupima. Yule aliyepima aliandika. Na wa ng'ambo nao wana watoto wanaokula. Nikakaa chini na hasira zangu zote, sina pa kuzipeleka.

Nilikwenda ofisini kwao mpaka mlinzi akanizoea. Kila nikienda wananipa kiti, wananipa pole, wananiambia nisubiri. Nyumbani Jumapili watu wakawa wanakimbizana na majembe mferejini, kanisani wamebaki bibi na watoto, na maji hayafiki hata katikati ya mashamba. Vitunguu vikaanza kukauka ncha, halafu majani yote. Wengine wakang'oa wakawapa mbuzi.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyetulaumu. Hata mmoja! Walimsalimia mama kama siku zote, wakamletea maziwa. Heri wangetutukana, ningepata wa kujibizana naye.

Alasiri moja nikamkosa mama nyumbani. Nikamtafuta, nikamkuta kwa jirani wa chini, amevaa kitenge chake cha kanisani, amesimama mlangoni, mikono ameikunja tumboni.

"Naomba mtusamehe," alikuwa anasema. "Mzee wangu alikufa wiki mbaya. Amewakosesha maji."

Mama mwenye nyumba akashika mdomo. "Usiseme hivyo, mama. Tafadhali usiseme hivyo."

Mama akamshukuru, akageuka. Nikamshika mkono. Nilitaka kumwambia mtu haombewi msamaha kwa kufa, lakini nikasema tu:

"Mama, turudi nyumbani."

"Bado nyumba za juu," akanijibu, akautoa mkono wangu polepole, akaanza kupandisha kilima. Nikamfuata.