Mstari wa Wangechi

Mjukuu wangu anaitwa Wangechi. Jina ni la nyanya yake, mke wangu, maana kwetu msichana wa kwanza wa kijana wako hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo tangu azaliwe namwita bibi yangu. Alipojua kusema akaanza kunijibu, "Bwana gani huyu hajui hata kununua sukari?" Mwenye jina alikuwa anacheka mpaka anashika mlango.

Mwenye jina alituacha mwezi wa tatu. Tulimzika hapa Kabazi, nyuma ya shamba la viazi.

Mwezi wa tano msichana akaja kutoka chuo kikuu. Anasomea mambo ya utawala, na kabla ya kumaliza lazima afanye kazi wiki kumi na mbili katika ofisi ya serikali. Wanaita atachimenti. Halipwi. Mkubwa wa ofisi anapiga muhuri kwa kitabu chake, mwalimu wa chuo anakuja kuona, na hizo wiki zinahesabiwa kama somo. Zisipohesabiwa, hamalizi na wenzake. Chifu wetu Kemboi akamchukua, akawa analala kwangu.

Kazi aliyopewa ilikuwa orodha ya wazee. Nyumba kwa nyumba anapiga hodi, anauliza: mzee huyu yuko ama hayuko? Kama hayuko, mtu wa hiyo nyumba afike ofisini aweke sahihi, ndipo jina litolewe. Alitembea vilima vyote. Jioni ananiambia nani anaumwa na magoti, nani amemfukuza na fimbo akidhani anauza sabuni.

Nyumba yangu hakupiga hodi.

Nilijua. Na sikuenda ofisini kutoa jina. Kisingizio sikuwa nacho, miguu ilikuwa mizima. Nilisema tu kwa roho, wacha kuwe na mahali pameandikwa kwamba yuko.

Wiki ya kumi na mbili jirani yangu Kihara akanikuta nikichimba viazi.

"Ndegwa, wewe ni mtu wa ajabu. Mjukuu amekuwa serikali, na anayemkwamisha ni wewe."

"Nimemkwamisha aje?"

"Chifu amesema hapigi muhuri kama orodha haijaisha. Imebaki mstari mmoja. Mwalimu anakuja Ijumaa."

"Mstari wa nani?"

"Uliza hivyo viazi."

Nikaingia jikoni. Msichana alikuwa anakata vitunguu.

"Mbona hukuniambia?"

"Guka," akasema, kama tunavyoita babu, "nilijaribu kuanza mwenyewe. Nikaandika Wangechi. Halafu hapo mbele unaandika marehemu. Mkono ukakataa. Ni jina langu."

"Na chuo?"

"Nitarudia mwaka ujao. Nitakuja hapa tena."

Alisema kama mtu anayesema kesho itanyesha. Ukweli ni kwamba nilitaka kukubali. Mwaka mwingine naita jina hilo asubuhi, na mtu anaitika.

Siku mbili nilibeba hilo neno. Ijumaa nikavaa koti la kanisa, nikaenda kwa ofisi ya chifu.

Mwalimu alikuwa mama wa Nakuru mjini, anaitwa Umaima, amejifunga mtandio mweusi, amekaa kando na kalamu yake. Msichana alikuwa kwa meza. Aliponiona macho yalibadilika, lakini akakaa sawa.

"Karibu mzee. Nikusaidie na nini?"

Mzee, kama mgeni. Sawa. Alikuwa kazini.

"Nimekuja kutoa jina kwa orodha."

"Jina la aliyefariki?"

"Wangechi wa Ndegwa."

Kalamu ya msichana ikasimama. Chifu akanyoosha mkono achukue karatasi, amwandikie. Mwalimu akatikisa kichwa, akamzuia.

Nikamwambia msichana, "Andika, mama. Si wewe huyo. Yeye alikuwa mfupi, na hakujua kunyamaza."

Akacheka. Machozi yakaanguka hapo hapo kwa karatasi, akayafuta na mkono wa sweta, akaandika.

"Uhusiano wako na marehemu?"

"Bwana yake."

"Kwa miaka mingapi?"

Hiyo nadhani haikuwa kwa fomu.

"Hamsini na mbili."

Akanigeuzia karatasi. Mimi shule sikuenda. Herufi sita za jina langu nilifundishwa na huyo niliyekuja kumtoa, kwa makaa, kwa ukuta wa stoo. Nikaziandika zote. Hakuna mtu aliyeniharakisha.

Chifu akapiga muhuri. Mwalimu akaandika kitu kirefu kwa kile kitabu, akakifunga.

"Wiki kumi na mbili," akasema. "Zimetimia."

Jumapili msichana akafunga mfuko wake. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Pikipiki ikaja. Sikumwambia abaki. Nilitaka.