Betri ya Lori kwa Ndege ya Mbao

Nawaambia ninyi tu. Mzee Marwa alisema nisipopata kazi kwa bwana shamba wa Tarime, binti yake nimsahau. Bwana shamba, Mzungu mwenye ndege ndogo ya mbao inayoongozwa kwa redio, alitaka msaidizi. Nikamwambia, kwa cheti changu cha shule ya usiku, umeme ni mdogo wangu.

Redio ya ndege ilitaka volti moja na nusu. Nikaionea huruma. Plau tunaifungia maksai, si ndama. Nikaunga waya kwenye betri ya lori, volti kumi na mbili. Taa ndogo ya kioo ndani ya redio ikang'aa kama jua, ikafa, moshi ukapanda.

"Nani amechagua betri?" akauliza bwana shamba.

Nikaficha waya nyuma yangu. Mzee Marwa, aliyekuja kutazama na kudhani moshi ndio mwanzo wa kuruka, akaninyooshea fimbo kwa fahari.

"Ni huyu, bwana. Mkwe wangu."