Bi Zuleha na Hita ya Bwawa

Niliposikia kwamba fundi wa gesi anayekuja kutoka Daraja Mbili, mjini Arusha, ni mwanamke, nilicheka. Nilikuwa nafua taulo za hoteli, nikamwambia binti yangu Irine kwamba huyo mama atafika na kucha ndefu na mtu wa kumbebea spana. Alifika peke yake, katika pikapu aliyoiendesha mwenyewe, ushungi ameufunga kisogoni, suruali ya kaki chini ya kanga. Kucha zake zilikuwa fupi kuliko zangu.

Ilikuwa mwaka 1996. Hoteli yetu ya Akheri zamani ilikuwa nyumba ya wageni ya shirika la umma, na bwawa lake la kuogelea lilikaa miaka mingi mikononi mwa vyura. Mashirika yalipouzwa, Bwana Reginald, Mchaga wa Marangu, akainunua, akalisafisha bwawa na kulifungia hita ya gesi iliyokwisha kutumika kwingine. Maji ya Mlima Meru ni baridi. Mgeni hutia mguu mmoja akaurudisha. Bila hita, bwawa ni la kupigia picha tu. Sasa hita ile ilikuwa imeliwa na kutu, inavuja tumboni, na wageni wa mwezi wa saba walikuwa njiani.

Irine alikuwa na miaka ishirini. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha nne, na baada ya mtihani hakukuwa na wa kumsomesha zaidi. Nilimwombea kazi ya kufagia kando ya bwawa na kukusanya taulo, nikajiona nimemaliza. Mtoto wangu mmoja, yuko mbele ya macho yangu asubuhi mpaka jioni. Nilitaka nini tena?

Kamba zangu za nguo zilipita karibu na baraza la ofisi, basi nilisikia jinsi hita mpya ilivyochaguliwa. Bwana Reginald alitaka kubwa kuliko zote, kuishinda ya jirani yake wa Usa River.

"Unataka wageni waoge," Bi Zuleha akamuuliza, "au unataka kuchemsha makande?"

"Kuna moja Nairobi, wanaiuza nusu bei."

"Hiyo ni ya gesi ya bomba, ile inayopita chini ya barabara za Ulaya. Hapa Akheri tuna mitungi. Bomba lako liko wapi?"

"Si fundi anabadilisha?"

"Hata kinyozi anaweza kung'oa jino, Bwana Reginald. Utakaa kwenye kiti chake?"

Bwana Reginald alikohoa, akasema apime kwanza. Bi Zuleha akampa Irine ncha moja ya tepu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Urefu mita kumi na mbili, upana sita, kina ukikisawazisha moja na nusu. Bi Zuleha alikuwa bado anatafuta kalamu nyuma ya sikio lake.

"Mita za ujazo mia na nane," Irine akasema.

Yule mama akamgeukia, akamwangalia kama mtu aliyeokota kitu njiani na anachungulia huku na huku kama mwenyewe yupo. Mwenyewe nilikuwepo, nyuma ya shuka.

Alichagua hita ya kati, na turubai la plastiki la kufunika bwawa wageni wakishatoka. Alisema maji ni kama mtoto mchanga: ukimfunika vizuri huhitaji moto mkubwa. Nami niliyezaa nikaona hayo maneno yangefaa yatoke kwangu.

Kazi ya kufunga ilichukua siku sita. Walimwaga zege la kukalia hita, wakajenga kibanda cha matofali kwa sababu ya wezi, mitungi ikakaa nje, ikizungushiwa wavu. Bi Zuleha aliacha matundu mengi kwenye ukuta, safu ya chini na safu ya juu. "Huku mlimani hewa ni nyepesi," alimwambia Irine, "moto unaitafuta zaidi kuliko kule pwani. Haya matundu ni pua zake. Ukiziba pua, utaona." Nilisikia. Nataka ieleweke kwamba nilisikia.

Jioni nyumbani ikawa Bi Zuleha asubuhi, Bi Zuleha mchana. Nilimjua bila kumuuliza. Baba yake alikuwa mtunza tanuri la mvuke katika kiwanda cha mkonge kule Tanga, na yeye alimpelekea chakula akabaki kutazama. Mumewe, Hatibu, alikuja kuuza mitungi ya gesi Arusha, akafa akamwachia duka. Ndugu wa marehemu walipokuja kulichukua, aliwawekea mezani jiko la hoteli lililokuwa likivuja, akasema atakayelitengeneza ndiye mwenye duka. Walikunywa chai wakaondoka.

"Na wewe ulikuwepo?" nikamuuliza Irine.

"Amenisimulia, mama."

"Basi kula, ugali unapoa."

Siku ya mwisho Bi Zuleha alikuja kwenye karo langu la kufulia. "Mama Irine, naomba povu la sabuni. Nataka kupaka kwenye maungio ya mabomba. Penye kuvuja gesi patatoa mapovu." Nilimpa ndoo ya maji yaliyogusishwa sabuni tu. Akayachota kwa kiganja, yakapita kati ya vidole kama ya mtoni. Akamwaga, akatengeneza mengine mwenyewe kwa kipande cha sabuni yangu. Irine ndiye aliyepaka kwa brashi, na Irine ndiye aliyeruhusiwa kuwasha. Moto ulipotoka wa bluu, mdogo, ulionyooka, alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba yake afariki. Halafu akageuka kumtafuta mtu wa kumwonyesha. Hakunitafuta mimi.

Wiki iliyofuata Bi Zuleha alirudi na kilo mbili za sukari na kitenge. "Mama Irine, nimekuja kwa adabu. Naomba mtoto. Akae kwangu Daraja Mbili, nimfundishe kazi."

"Sisi ni Walutheri," nikasema.

"Kanisa liko karibu na kwangu kuliko msikiti. Kengele yenu ndiyo inayoniamsha."

"Nitafikiri."

Irine alikuwa mlangoni na taulo mikononi. Aliniangalia muda mrefu, kisha akaenda kuzianika. Sukari niliiweka kabatini bila kuifungua.

Mwezi wa saba ukaingia na ukungu wake. Huku kwetu mwezi huo shuka hukaa kambani siku tatu na bado ukilishika linalia maji. Kibanda cha hita kilikuwa chenye joto. Nilianza kwa foronya mbili. Siku ya pili nilizungushia mashuka pande zote, nikayabana kwa vibanio, na kufikia saa nane yalikuwa makavu kama ya kiangazi. Nilisema moyoni, angalau kitu cha yule mama kinanifaa.

Siku ya tatu hita ilizimika yenyewe. Ikawashwa, ikatoa moto wa njano na masizi, ikazimika tena. Wageni wakatoka majini wakitetemeka. Bwana Reginald akapiga simu Daraja Mbili, kisha akazipigia hoteli zote mpaka Usa River, akiziambia zisimfungulie geti fundi yule. Sitadanganya, nilifurahi. Nilimwambia Irine, "Umeona? Na huyo ndiye ulitaka akulee." Macho yake yalijaa maji.

Kisha nikaenda kukunja mashuka. Kwenye matatu kulikuwa na alama nyeusi, zimepangana safu kwa safu, kubwa kama tofali. Pua. Niliyafua mara mbili, masizi hayatoki. Nikayaficha chini ya kapu.

Bi Zuleha alifika mchana uleule. Alifungua hita, akapaka kidole masizi, akazunguka kibanda akitazama chini. Akainama, akaokota kitu, akakitia mfukoni. Halafu nikamsikia akimwambia Bwana Reginald, "Kosa ni langu. Kibanda nilikipa hewa kidogo. Nitaongeza matundu leo." Akatukanwa pale mbele ya watu, naye akanyamaza. Alipopita kwenye karo langu aliweka kibanio cha nguo juu ya jiwe.

"Kimeanguka hiki, Mama Irine," akasema, akaendelea na safari yake.

Irine alikiona. Alikitazama kibanio, akanitazama mimi.

Kama yule mama angenisema, ningekana. Ningeapa. Lakini alininyamazia, na mtoto wangu ameona, na nikajua kwamba nikikaa kimya nitamwona yule mama mkubwa kuliko mimi kila siku ya Mungu, nikimfulia mtoto, nikimpikia. Nilitoa mashuka chini ya kapu nikaenda ofisini. Bwana Reginald aliyatandaza mezani.

"Mama Irine, miaka yote hii."

"Ni mimi. Fundi hana kosa. Na hizo simu ulizopiga, zipige tena."

Alinirudisha nyumbani wiki tatu bila mshahara. Bi Zuleha alinikuta getini. "Nilikuwa nimekusitiri," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimesema."

Alicheka mpaka akashika geti. Mimi sikucheka. Nikamwambia aje nyumbani kumchukua mtoto Jumamosi, na amrudishe Jumapili za ushirika mtakatifu. Usiku ule nilifungua ile sukari.

Sasa ni mwaka wa pili. Kila mwezi Irine huja Akheri kuikagua hita, na spana zake mwenyewe. Kwanza huzunguka kibanda kutazama matundu yote, ndipo anakuja kwangu kuniamkia. Bado anasema Bi Zuleha hivi, Bi Zuleha vile, na bado naumia. Halafu huniomba povu la kupimia maungio. Namtengenezea mimi mwenyewe, napiga sabuni kwa mikono miwili mpaka linasimama kwenye ndoo, na simpi mpaka nichote kidogo, nigeuze kiganja nione kwamba halidondoki.