Picha Niliyoitundika Dirishani

Nimekosa, jamani, na sitafuti wa kunitetea. Nikiiona kamera yangu sasa natamani kutema mate. Jina langu sisemi. Atakayenitambua kwa haya nitakayoyaeleza, basi anitambue.

Mimi ni fundi wa picha hapa Moshi, nakaa Njoro. Kazi yangu ilikuwa ya ndani ya kibanda. Mtu anakuja ameoga, amenyoa ndevu, namwazima koti, namkalisha kwenye kiti mbele ya pazia la maua, namwambia asipepese. Picha ile ni yake. Amechagua mwenyewe watu wamwoneje.

Kisha nikapata kamera ndogo ya mkononi. Shetani gani aliniingia sijui! Nikawa nazunguka sokoni na barabarani nawapiga watu bila wao kujua, huyu anapenga kamasi, yule anagombana na muuza chumvi. Nikajisifu kwamba hizi ndizo picha za kweli, zile za kwenye kiti ni maigizo. Upuuzi mtupu.

Siku moja nilikuwa Himo, gulioni. Katikati ya kina mama waliokaa chini na ndizi zao nikamwona mwanamume. Nilimjua palepale. Ni bwana mmoja wa Uru, nimwite Eliakimu, si jina lake. Nilikuwa nimempiga picha ya arusi pale kwangu, yeye amekaa na koti langu, mkewe amesimama kaweka mkono begani pake. Sasa alikuwa amechuchumaa nyuma ya mikungu ya ndizi, ngata ya kubebea mzigo bado iko kichwani.

Ninyi wa huku mnajua. Kule mlimani kubeba ndizi na kuziuza ni kazi ya wanawake. Mwanamume akionekana anauza, atachekwa mpaka azeeke. Nami nilijua hayo vizuri sana, ndiyo maana nikaona kichekesho. Nikampiga. Hakuniona.

Wala sikujiuliza kwa nini mtu wa Uru aliache soko la Moshi, lililo chini ya kwao, aende mpaka Himo. Alikwenda kujificha, mshenzi mimi! Mkewe alikuwa amejifungua kwa taabu, bado yuko ndani analetewa supu ya mtori kitandani, na nyumbani hapakuwa na mwanamke mwingine wa kwenda sokoni.

Nikaisafisha ile picha, nikaikuza, nikaitundika dirishani kando ya ile ya arusi. Watu walijaa. Waliocheka zaidi ni wa Uru wenyewe. Nami nilisimama mlangoni nacheka nao, meno yote nje.

Habari zikapanda mlima. Nilisikia baadaye kwamba Eliakimu aliacha hata kwenda kanisani, maana kila akipita vijana walimwuliza bei ya ndizi. Hakuja kunigombeza. Aliyekuja ni mkewe.

Alikuja asubuhi, amebeba mkungu mzima kichwani, midomo imempauka. Mzazi ambaye hakutakiwa hata kuchota maji! Alikuwa ametoroka mumewe akiwa shambani kwenye kahawa. Akasimama barabarani mbele ya kibanda changu, akaniambia, "Fundi, nipige na mimi. Uitundike hapo, wajue yule bwana ana mke."

Sasa sikilizeni uchafu wangu. Niliona anatetemeka. Niliona kabisa. Lakini jua lilikuwa limemkaa vizuri usoni, nami nikarudi nyuma kidogo ili mkungu wote uingie kwenye picha. Nikapiga kwanza. Nilipoteremsha kamera alikuwa yuko chini, na damu kwenye kanga.

Tulimkimbiza hospitali. Hakukaa sana, akafariki. Mtoto alichukuliwa na bibi yake, mama wa marehemu, akamlee kwao Rombo.

Baada ya maziko Eliakimu alishuka mjini. Nilitamani anipige ngumi. Aliniamkia kwa adabu kama zamani, akaomba picha ya arusi. Nikamtolea, na kwa ujinga wangu nikaiweka na ile nyingine juu yake, nikamwambia hii ndiyo ya mwisho ya marehemu. Nilidhani nampa zawadi, laana iliyoje!

Akaitazama ile ya juu, akanirudishia.

"Hii kaa nayo wewe," alisema. "Mimi ningempokea mzigo."

Ninayo mpaka leo. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu. Kila nikimkalisha mteja kitini na kumwambia asipepese, najiona kinyaa, kwa kuwa anadhani amekuja kwa mtu wa heshima.

Enyi vijana mnaozinunua hizi kamera ndogo na kuzunguka nazo, msiniige. Mtu wa njiani hakuja kwenu, hakuvaa kwa ajili yenu. Mwombeni kwanza. Na mkimkuta ana mzigo kichwani, wekeni kamera chini, mpokeeni.