Historia ya Marehemu Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Hasira ile bado ninayo, na kipande chake kikubwa ni changu mwenyewe. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Tunduma. Kila mwaka nawabana wanafunzi kwa swali lilelile: anayesimulia hadithi hii ni nani, alikuwepo, na kama hakuwepo, amejuaje? Halafu baba yangu alipofariki, mwalimu mzima nikakaa kitini, nikaandika nilichoambiwa.

Kwetu Mbozi watu hawaendi makaburini kabla ya kusomewa historia ya marehemu. Baba mdogo alinivuta pembeni, akasema mwandiko wangu ni mzuri, niandike anavyosema yeye. Marehemu alizaliwa, akasoma, akaenda Zambia kufanya kazi, akarudi, akapanda shamba la kahawa, akajenga nyumba ya bati, ameacha mjane na watoto wanne. Nikaandika. Tena nikamnyooshea sentensi mbili ili zisomeke vizuri. Mjinga mimi.

Mama hakuulizwa neno. Alikuwa ndani, ameketi mkekani na wanawake wenzake kama ilivyo desturi ya mfiwa, na historia ikasomwa nje kwa kipaza sauti. Mke aliyeishi naye miaka thelathini na ushee akatajwa mara moja tu, mwishoni kabisa: mjane. Niliona haya, lakini nikajiambia msibani si mahali pa ubishi.

Siku ya kuanua matanga ndipo nikajua karatasi ile ilikuwa na kazi gani. Baba mdogo aliitoa mfukoni mbele ya kikao cha ukoo, imekunjwa vizuri, akasema shamba la kahawa alilipanda kaka yake, kwa hiyo linarudi kwenye ukoo na yeye atalisimamia. Mama eti angeachiwa nyumba na bustani ya mboga. Akauliza ni nani wa kubisha, ikiwa binti wa marehemu mwenyewe, tena mwalimu, ameandika hivyo kwa mkono wake. Wazee wote wakanigeukia pale kwenye kiti nilichowekewa karibu na baba mdogo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama, aliyekuwa mkekani karibu na mlango, aliomba asomewe tena pale penye kahawa. Nikaichukua karatasi kwa baba mdogo, nikasoma. Kisha akamtazama baba mdogo, akamuuliza taratibu tu.

"Shemeji, siku kahawa inapandwa, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Baba mdogo akajibu kwamba jambo hilo kila mtu analijua. Mama akasema hajamuuliza kila mtu, amemuuliza yeye. Miaka ile baba mdogo alikuwa Isongole, kwenye biashara zake za mpakani na Malawi, na baba alikuwa Zambia, akija Krismasi na kuondoka. Wazee walilijua hilo. Walikuwa wamelisahau kwa sababu mtu aliwasomea habari nyingine kwa sauti nzuri kutoka kwenye karatasi safi, na karatasi hiyo niliitengeneza mimi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini jamani, huyu alikuwa akituhesabia kunguni wa kitanda ambacho hajawahi hata kukiona!

Mama akasimulia. Miche aliibeba kichwani kutoka kitaluni. Samadi aliomba kwa majirani, ndoo kwa ndoo. Upande wa bondeni miche ilikauka, akapanda upya mara mbili. Baba aliporudi moja kwa moja, alikuta kahawa inavunwa.

"Mashimo ya mstari wa juu nilichimba nikiwa na mimba," alisema, akaninyooshea kidole. "Ya huyu aliyeandika."

Mzee aliyeongoza kikao alichukua karatasi kutoka mkononi mwangu, akaigeuza upande usioandikwa, akanirudishia. Akasema ukoo ulikuwa umesikia habari za watu ambao hawakuwepo, sasa iandikwe ya aliyekuwepo, na kahawa ibaki kwa aliyeipanda. Mama anaivuna mpaka leo.

Nikafungua kalamu. Mama akaniambia nitoke kwanza kwenye kile kiti, nikakae naye mkekani, kwa sababu tangu msiba uanze, kutoka pale nilipokuwa nimekaa, sikuwa nimemsikia.