Dawa Iliyobaki Kwenye Pampu

Jirani yangu hapa Bungoma hupulizia ng'ombe wake Jumamosi, na harufu ya dawa ya kupe ikivuka ua, mimi hufunga dirisha. Watoto wangu hunicheka, ati mama anaogopa kupe. Waacheni wacheke. Harufu ile kali hunirudisha nyumbani kwetu Kibomet, Kitale, Jumamosi niliyotoka mazoezi ya kwaya nikamkuta Bobi amelala nyuma ya ghala la mahindi.

Bobi alikuwa mbwa wangu. Baba alimleta akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya kiatu cha gambuti, na alipokua, hakuna aliyethubutu kunigombeza mbele yake bila kuonyeshwa meno. Siku hiyo hakuinuka kunilaki. Mate yalimchuruzika, miguu ilimtetemeka, na macho yake yalinitazama bila kuniona. Nilipiga yowe.

Mama alitoka jikoni mbio, kikombe cha maziwa tayari mkononi.

"Mshike kichwa nimnyweshe."

Sikumshika. Nilikimbilia simu. Baba alifanya kazi Bungoma, na alikuwa ametuwekea namba ya kliniki moja ya wanyama ya huko. Nilipiga, nikaweka sauti ya juu ili Mama naye asikie.

"Daktari ameenda Cheptais, kuna ng'ombe inazaa na shida," alijibu mwanamke. "Mimi ni nesi wa wanyama. Hebu niambie, hiyo mbwa iko namna gani?"

Nilimweleza huku nikilia.

"Msiipee maziwa. Itaingia kwa mapafu. Imekula nini?"

"Haijakula kitu, sista," Mama alisema, akiangalia kikombe chake.

"Hakuna sumu ya panya hapo kwa boma?"

"Hakuna."

Bobi alijikunja, kucha zake zikaparuza udongo. Nilianza kuomba kwa sauti, sala ikichanganyika na maneno ya wimbo wa kwaya, sijui Mungu aliambulia nini. Nilijua anakufa. Nilimtazama Mama nikitaka afanye kitu, naye akazidi kukikodolea macho kikombe.

Nesi alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya polepole, kama ya mtu anayepiga gumzo akichambua mboga.

"Mama, si leo ni Jumamosi? Huku kwetu tukimaliza ng'ombe, ile dawa imebaki kwa pampu tunamalizia na mbwa, viroboto vikufe. Hata mama yangu alikuwa anafanyanga hivyo. Na nyinyi?"

Mama aliketi chini pale pale kwenye matope.

"Niliipulizia, sista. Ilikuwa inajikuna sana, nikaionea huruma."

"Sawa. Sasa tunajua. Funga mikono na karatasi za nairon, chukua maji mingi na sabuni, osha mpaka harufu iishe. Halafu muifunike, isishikwe na baridi. Msikate simu. Niko na simu ingine, napigia daktari wa huko Kitale akuje na sindano."

Tulimwosha Bobi karai baada ya karai, Mama akisugua, mimi nikimwaga maji, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mara sauti ya simu iliuliza, "Bado inapumua?" Nami nikajibu bado inapumua, mpaka pikipiki ya daktari ikaingia langoni. Jioni Bobi alilamba maji. Mama aliingia jikoni, nikamsikia akilia.

Kwa miaka mingi nilimsifu nesi yule kwa kujua dawa. Nilihitaji kuwa mama ndipo nikakielewa kile kikombe cha maziwa, ambayo kwetu hupewa aliyepata sumu. Mama alikuwa ameshajua kabla sijafika, na hakumwogopa nesi wala Baba. Aliniogopa mimi, niliyesimama na simu mkononi nikimtazama kama mtu pekee awezaye kumponya mbwa wangu. Nesi hakutuona, lakini alilijua hilo, akamtafutia Mama mahali pa kusimama ili aseme.

Na hata leo sijui kama mama yake nesi aliwahi kufuga mbwa.